Mume wa Kwenye Kanda

Kanda ile niliikodi kwa hasira. Nilikuwa nimetoka kazini Shimanzi, vumbi la malori limeniganda hadi kwenye kope, nikapita duka la kanda la Mhindi mmoja nikamwambia nataka filamu ya Kizungu ya mume anayemfanya mkewe aamini kwamba amerukwa na akili. Akaniuliza kama nataka ya kuchinjana. Nikasema la, isiwe na damu. Alipekua rafu zake huku akinung'unika kwamba watu wa siku hizi hawataki tena filamu za nyimbo, kisha akanikabidhi kanda yenye picha ya mwanamke aliyesimama dirishani amejikunyata. Akanionya kwamba wateja huirudisha kabla haijafika nusu kwa sababu haina mapigano. Nikamwambia ndiyo hiyo hiyo ninayoitaka.

Nyumbani kwetu Kibokoni mdogo wangu alikuwa katika arobaini yake. Alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, wa kike, na kwa desturi yetu akaletwa kwa mama alelewe: akandwe, afungwe tumbo kwa mkaja, anyweshwe uji wa pilipili manga, asitoke nje wala asinyanyue kitu kizito mpaka siku arobaini zitimie. Zikitimia, mume angekuja kumchukua. Na hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia, maana shemeji yangu alikuwa ameshatuambia mpango wake. Mke atarudi naye nyumbani kwao wawili Buxton, mtoto atapelekwa Malindi akalelewe na mamake yeye. Sababu ni kwamba mdogo wangu alikuwa msahaulifu, tena msahaulifu wa kutisha, na yeye kama baba alikuwa akiogopa siku moja mtoto atasahauliwa karibu na jiko. Aliyasema haya kwa sauti ya chini, machozi yakimlengalenga, na mama akamshika mikono akamshukuru kwa huruma yake.

Mdogo wangu mwenyewe alikuwa amekubali. Hilo ndilo lililokuwa likinimaliza. Alikuwa akimnyonyesha yule mtoto huku akimwangalia kama mtu anayemwangalia mgeni wa safari, na ukimwuliza kama kweli yuko radhi, anasema ni bora hivyo, mtoto awe salama.

Tangu lini huyu akawa msahaulifu? Tulipokuwa wadogo, kitu kikipotea nyumbani anaulizwa yeye. Alikuwa akijua sindano iko kwenye zulia gani na kofia ya baba imewekwa juu ya kabati gani. Akaja akasomesha shule ya watoto wadogo, akawa anajua majina ya watoto wote na ya mama zao, na nani haruhusiwi kula karanga. Halafu akaolewa, na kusahau kukaanza. Funguo zikawa zinapotea. Jiko likawa linakutwa linawaka. Nguo za mume zilizopigwa pasi zikawa zinakutwa zimelowa ndani ya beseni. Kila kitu kilichopotea, aliyekiona ni mume, akamwonyesha kilipo bila kumkaripia, akamfuta na machozi. Shule akaiacha kwa sababu aliondoka akasahau kufunga mlango wa nyumba, alivyoambiwa. Simu ya nyumbani ikatiwa kufuli kwa sababu alikuwa akipigia watu ovyo kisha hakumbuki, alivyoambiwa.

Nilimwuliza siku moja, tukiwa wawili chumbani, "Wewe mwenyewe wakumbuka kwamba uliuwacha mlango wazi?"

"Sikumbuki," akasema. "Ndio ugonjwa wenyewe huo."

Jibu kama hilo utalijibu vipi? Nilijaribu kila upande na kila upande nikagonga ukuta. Akikumbuka amesahau, amesahau. Asipokumbuka, ndiyo dalili. Nilitoka nje nikaenda kuosha vyombo kwa fujo mpaka mama akaniuliza vyombo vimenikosea nini.

Na kwa mama ndiko hakukuwa na mlango kabisa. Mama alikuwa akimpenda mkwewe yule kuliko watoto wake wa kuzaa, na simlaumu sana, maana jamaa alikuwa akipendeka. Alikuwa mtu wa ofisini, shati jeupe, marashi ya kiasi, hapazi sauti, hapiti mbele ya mkubwa bila kuinama. Kila jioni alikuja na kitu mkononi: madafu, mikate ya mofa, kuku wa kienyeji wa mchuzi wa mzazi. Mama akisikia hodi yake anajitengeneza leso. Shangazi yetu, dadake marehemu baba, aliyekuwa akikaa nasi na kuiendesha ile nyumba kwa mdomo wake, alikuwa na yake zaidi: alishapatana na msomaji kwamba mdogo wangu akitoka arobaini asomewe na anyweshwe kombe la maandishi ya Kurani, kwa sababu usahaulifu wa ghafla namna ile hauwi ila kuna jini.

Mimi neno langu halikuwa na uzani. Nilikuwa mtalaka, nimerudi nyumbani na sanduku langu, na mwanamke aliyeachwa akizungumzia ndoa ya mwenziwe watu hutazamana. Nilipojaribu kumwambia shangazi kwamba simwamini yule bwana, hakunificha lolote.

"Wewe umeachwa," akasema, "na sasa wataka na mwenzio aachwe mpate kupiga soga."

Basi ndipo nikaikumbuka ile deki yetu ya video. Nikajiambia, maneno yangu hawayataki, lakini wale watu kwa filamu hawajambo. Wakikaa mbele ya televisheni wanalia, wanalaani, wanamwombea dua mtu wa kwenye kioo. Nitawawekea mume mbaya mwenye sauti nzuri, wamwone kwa macho yao, wamlaani yule, kisha wenyewe wataunganisha. Niliona nimekuwa mjanja kupita kiasi.

Tuliiweka baada ya sala ya alasiri. Mdogo wangu alikaa kwenye godoro ameegemea ukuta, mtoto mapajani. Mama na shangazi walikaa mkekani, na majirani wachache waliokuja kumwangalia mzazi wakabaki. Kiingereza nilikuwa nacho mimi peke yangu mle ndani, kwa ile kazi yangu ya kupiga taipu kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Lakini rimoti ilikuwa ya shangazi. Na sheria ya rimoti ile ilikuwa moja tu: mtu na mtu wakisogeleana nyuso, filamu inapelekwa mbele mpaka waachane.

Sasa, ubaya wote wa yule mume wa kwenye kanda alikuwa akiufanya wakati anambusu mkewe. Huo ndio uliokuwa ufundi wa filamu yenyewe. Anarudi nyumbani, anafungua mikono, anamkumbatia, anambusu, na huku anambusu mkono wake unaingia taratibu kwenye mfuko wa koti la mke na kuutoa ufunguo. Kamera inautazama mkono ule kwa utulivu, uone kila kidole. Lakini sisi tulichokiona ni mume anafungua mikono, kisha shangazi anabonyeza, watu wanatetemeka na mistari myeupe, kisha mke anatafuta ufunguo nyumba nzima analia, na mume amevua koti lake yuko magotini anamsaidia kutafuta chini ya kochi.

"Mashaallah," akasema jirani mmoja. "Mume huyo. Wangu hata kikoi chake mwenyewe hakitafuti."

"Ameuchukua yeye," nikasema. "Ufunguo anao yeye. Shangazi, rudisha nyuma muone."

"Nirudishe nyuma tuone nini? Haya?"

"Muone mkono."

"Mkono tumeuona, alikuwa amkumbatia mkewe wa ndoa. Tafsiri, usitutie maneno."

Nikatafsiri. Mke anasema, niliuweka mfukoni nina hakika. Mume anasema, mpenzi wangu, umechoka, hata jana ulisema hivyo hivyo. Nikatazama upande wa godoro nione kama maneno yamemgusa mtu. Mdogo wangu alikuwa ameinamisha uso, anamrekebishia mtoto kofia. Wengine wote walikuwa wamechukuliwa na mapenzi. Mume anampikia mke supu, wakasema ah. Mume anampigia simu mwajiri wa mke amwombee ruhusa asije tena kazini, wakasema jambo jema, apumzike. Mume anabadili saa ya ukutani baada ya kumbusu tena, na hiyo hatukuiona, kwa hiyo mke alipochelewa kwa wageni, mama yangu mzazi alisikitika na kusema yule bibi ana mitihani na ni bahati yake amepata mtu wa kumvumilia. Shangazi akamaliza kwa kusema kwamba hata Wazungu wana majini, sema wao hawana wasomaji.

Nilisema mpaka sauti ikanikauka. Kadiri nilivyosema ndivyo walivyonikasirikia, maana nilikuwa nikiwaharibia filamu nzuri. Magharibi ikaadhiniwa ikiwa imebaki sehemu ya mwisho, ambamo yule mke anamwona mumewe kwenye kioo cha dirisha akiwa na ufunguo kiganjani. Wakainuka kutawadha. Waliporudi hawakutaka kuimalizia, wakaweka ya Kihindi.

Kesho yake jioni shemeji alipokuja, shangazi akampokea kwa habari hiyo kama anampa zawadi. "Jana twalikutaja," akamwambia. "Tumeona filamu ya mume mwema, kama wewe vile. Mkewe na yeye ni msahaulifu, masikini."

Niliona uso wake. Haukubadilika, ila ulitulia mno, na macho yakaja kwangu kwanza kabla ya kwenda kwa mkewe. Kisha akacheka kidogo, akasema yeye filamu hazijui sana, lakini hiyo angependa kuiona pamoja nasi, kama mama ataruhusu. Mama akaruhusu, akamtolea hadi kiti cha mto.

Nikajitanda leso yangu nikakaa. Nilikuwa na hamu ya kuona atakavyoitazama. Nilidhani ataona haya. Sikujua mtu wa namna ile anavyofanya kazi, na nilipokuja kujua nilikuwa nimeshazungukwa. Alingoja niseme sentensi zangu mbili tatu za mwanzo, kisha akaniomba radhi kwa adabu, akasema mimi nimetoka kazini nimechoka, wacha yeye anipumzishe. Akaanza kutafsiri yeye.

Na alitafsiri vizuri, hilo nakiri. Kiingereza chake kilikuwa juu ya changu, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu. Kila alichosema yule mume, alikitoa neno kwa neno, wala hakuongeza hata kimoja. Mume anamwambia daktari kwenye simu, mke wangu hali yake yazidi, mimi namwonea huruma. Akatafsiri hivyo hivyo. Mume anamwambia jirani, msimwamini sana asemayo, yeye mwenyewe hajui. Akatafsiri hivyo hivyo. Alipofika kwa mke ndipo alipofupisha. Mke alisema maneno mengi, kwamba anakumbuka, kwamba kuna mtu anamchezea, kwamba anaomba aaminiwe. Shemeji akasema, "Hapa yuwalia tu."

"Halii tu," nikasema. "Anasema anakumbuka."

"Ndiyo, shemeji, yuwasema vitu vingi. Yuwalia."

"Na huyo mume ni mwongo. Hayo anayomwambia daktari ni uwongo mtupu."

Shangazi akanigeukia. "Kwani mwenyewe amesema yuwadanganya?"

"Hakusema. Mwongo atasemaje anadanganya?"

"Basi wewe umeyatoa wapi?"

Watu wakacheka. Nikasema yote yako kwenye mkono, mkono unaonyesha, na pale pale mume akafungua mikono kumkumbatia mkewe na shangazi akabonyeza, tena kwa kasi zaidi kwa kuwa safari hii kulikuwa na mkwe ndani. Nilinyanyuka nikataka kuichukua ile rimoti. Shangazi akaificha chini ya paja. Nikapaza sauti. Mama akanitazama kwa aibu. Shemeji peke yake ndiye aliyekuwa mpole. Akanisogelea kidogo, asinikaribie sana, akaniambia kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

"Shemeji, usijisumbue. Kazi za Shimanzi zachosha akili. Labda pale hukupasikia vyema."

Na wallahi, kwa muda nilisita. Nilisimama pale, mtu niliyekuwa nikipiga taipu barua za Kiingereza kutwa nzima, nikajiuliza kama kweli nilipasikia. Nikaenda chumbani nikakaa kitandani nikiyarudia maneno ya yule mke kichwani, moja baada ya moja, nikihakikisha. Alikuwa amenitia shaka kwa sentensi moja na tabasamu, mimi mwenye mdomo na mshahara wangu, jioni moja tu. Mdogo wangu alikuwa akiishi nayo hiyo asubuhi, mchana na usiku. Nilipolifikiria hilo hasira iliniisha nikabaki na hofu.

Jumamosi asubuhi shangazi alikwenda hitimani. Mama alikuwa akichambua mchele. Nilikuwa nafunga kanda kwenye mfuko niirudishe kwa Mhindi wake, nimeshakata tamaa nao wote, mdogo wangu akaniita kutoka kwenye godoro.

"Hebu iweke tena ile."

Nikaiweka mbiombio. Nikakaa karibu naye, nikajikohoza, nikaanza kumweleza tangu mwanzo: huyu ndiye mume, na hapa anasema hivi, lakini maana yake ni hivi. Akanyoosha mkono akachukua rimoti iliyoachwa juu ya mkeka.

"Nyamaza," akasema.

"Nakutafsiria."

"Sitaki. Mume wangu yuwanambia nionalo, shangazi yuwanambia, na wewe wanambia. Sote twatazama kitu kimoja na hakuna aniwachaye nikione." Hakuwa amekasirika, alikuwa amechoka tu, lakini lilinichoma nikanyamaza. Akabonyeza, sauti ya televisheni ikakatika kabisa.

Tukaitazama kimya. Nje kulikuwa na mtu anayeburuta mkokoteni, na ungo wa mama ukisema cha-cha-cha. Mume alirudi nyumbani. Akafungua mikono. Mdogo wangu hakuipeleka mbele. Mama alipoona nyuso zinasogeleana alivuta leso akafunika mdomo, na macho yake, kama ya kila mtu anayefunika mdomo, yakabaki wazi. Mkono ukaenda. Ukaingia mfukoni. Ukatoka na ufunguo, ukauweka kwenye mfuko wa suruali ya mume. Kisha mke akaanza kutafuta, na mume akapiga magoti kutafuta chini ya kochi.

Ungo ukatulia.

"Mbona yuwauficha," mama akauliza, "kisha yuwautafuta?"

Nilifungua kinywa. Sijui ni nini kilichonizuia, maana nilikuwa na majibu ya juma zima. Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa akiangalia kioo, mtoto amelala begani kwake, na mkono wake ulikuwa ukimpigapiga mgongoni taratibu bila kukosea mwendo. Saa ya ukutani ikaja, mume akaisogeza mishale. Mama akaliona na hilo. Hakuuliza tena.

Kabla ya ile sehemu ya dirisha, sehemu tamu kuliko zote, sehemu niliyokuwa nikiipigania juma zima, mdogo wangu akazima.

"Bado haijesha," nikamwambia. "Mke yuwaja mwona sasa hivi."

"Yatosha," akasema, akalala.

Hivyo tu. Nilikaa pale na kanda yangu nikitamani kulia. Siku zilizobaki hakusema neno juu ya kanda wala juu ya mumewe. Mume aliendelea kuja na madafu yake, naye akawa anayanywa na kusema ahsante. Mama alimkaribisha kama kawaida, ila nikaona hajitengenezi tena leso. Mkoba wa mtoto wa safari ya Malindi ukawa unajazwa kidogo kidogo kwenye kona ya chumba, na aliyekuwa akiujaza ni mdogo wangu mwenyewe. Nilimwona akikunja vitambaa vya mtoto akivitia ndani na nikaenda kazini siku hiyo bila kumuaga.

Arobaini ilitimia. Mdogo wangu na mtoto walioshwa, wakafukizwa udi, mtoto akatiwa wanja, nyumba ikajaa harufu ya kahawa na mahamri. Alasiri shemeji akaja na gari la kuazima, shati jeupe, akabusu mkono wa mama na wa shangazi. Akauchukua ule mkoba kutoka kwenye kona akaupachika begani. Akamwambia mkewe kwa upole kwamba watamfikisha mtoto Malindi kabla ya magharibi, kisha wao wawili watarudi Buxton, kwa hiyo ajitande waondoke.

Mdogo wangu alikuwa amekaa mkekani, mtoto mkononi. "Sendi," akasema.

Shangazi akadhani hakusikia vyema, akamwuliza tena. Akasema vile vile. Mama akaja akachutama mbele yake.

"Amekupiga?"

"La."

"Amekutukana? Amekunyima chakula?"

"La, mama. Hajafanya hata moja."

"Basi una nini naye?"

Nilijua hana jibu. Mimi mwenye Kiingereza na Kiswahili changu sikuwa nalo, nilikuwa nimelitafuta kwa kanda nzima nisilipate. Akamrekebishia mtoto kofia kwanza.

"Kule mimi nasahau," akasema. "Hapa sisahau."

Nikaanza kuzirudisha siku zile zote nyuma kichwani, na ilikuwa kweli, hakuwa amepoteza hata pini. Ilikuwa mbele ya macho yangu muda wote huo na sikuiona, nilikuwa nimeshughulika na filamu.

Shemeji akacheka kicheko chake kidogo. "Mama, mwaona? Ndiyo hali niliyokwambieni. Hapa hasahau kwa sababu nyinyi mwamtazama."

"Hakuna aliyemtazama," mama akasema. "Tulikuwa twatazama video." Akanyanyuka, magoti yakilia, akamwendea akanyoosha mkono. "Nipa mkoba wa mtoto, mwanangu."

Alitabasamu, akasema ndiyo, mama, lakini mkono wake haukuachia. Mama akaushika ule mkoba akauvuta. Naye akauvuta, taratibu, huku bado anatabasamu, huku bado anasema ndiyo, mama. Mama akavuta tena. Shangazi alikuwa amekwisha kusimama. Mkanda ukakatika na nguo za mtoto zikamwagika sakafuni, katikati ya miguu yetu.

Shemeji akainama haraka, akaanza kuzikusanya ovyo na kuzisukuma ndani ya mkoba. "Ona sasa," akasema. "Hata hajui alichokitia humu."

Mdogo wangu akampa mama mtoto. Akapiga magoti, akaitoa kila nguo mkononi mwake, moja moja, akiikunja na kuitaja kwa sauti ya kawaida. Hii ameileta jirani wa mlango wa pili siku ya mvua. Hii ilikuwa yako, dada, mama aliiweka. Hii ina kifungo kilichokatika, nimekishona jana. Hii ya shangazi. Soksi ya pili ya hii iko kwenye kamba, haijakauka. Aliendelea hivyo mpaka sakafu ikawa tupu, na mumewe alikuwa bado amechutama mbele yake, mikono haina kitu.